Radhi Iliyosubiri Bima

Watu wa Matondoni waliposikia kwamba Alawiya, binti wa fundi Idarus, amekwenda Malindi kujifunza kuendesha gari, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Ataliendesha wapi?" waliulizana. "Au atawapakia punda?" Njia za kijijini mwao zilikuwa za mchanga, upana wake wa punda wawili wakipishana na mizigo ya mawe, na gari lilikuwa kitu cha watu wa bara. Fundi Idarus hakucheka wala hakujibu. Mama yake Alawiya ndiye aliyesema, huku akipepeta mchele: "Mwacheni. Kama ni kuanguka, ataanguka yeye."

Hakuanguka. Alirudi na leseni, akaolewa na Jeilani, askari wa lango kule bandarini, wakahamia Mokowe. Mokowe ndiko barabara inakoanzia: mtu akishuka kwenye boti kutoka kisiwani Amu, hapo ndipo anapotafuta gari la kwenda kijiji cha Hindi, Mpeketoni au mbali zaidi. Jeilani aliuza kiwanja alichorithi, wakanunua Probox nyeupe iliyochoka kidogo rangi, na Alawiya akaanza kazi.

Siku hizo vijana fulani wa Malindi walikuwa wameleta apu ya kuchangia safari. Abiria anabonyeza simu yake angali botini, anasema anakokwenda, na dereva mwenye nafasi anamchukua pamoja na wengine wanaoelekea huko, wakagawana nauli. Madereva wote walikuwa wanaume, isipokuwa Alawiya. Kina mama wa Amu walipoona picha ya mwanamke kwenye simu hawakutaka mwingine. Walimsubiri hata kama yuko Hindi na magari mengine yamesimama hapo tupu. Kwenye gari la Alawiya mtu angeweza kushusha buibui akapumua. Kiti cha nyuma alikitandikia leso safi, na upande mmoja wa dirisha alitundika kitambaa, ili mwenye kunyonyesha anyonyeshe bila kujikunja kama mwizi. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga wakati huo, Amal, aliyebaki nyumbani kwa bibi yake akiwa kazini. Alijua maziwa yakijaa yanavyouma.

Mambo ya bima aliyafahamu kwa juu juu, kama sote tunavyoyafahamu mpaka siku yanapotufika. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo chake ilikuwa ya gari la nyumbani: la mtu kwenda dukani, kumpeleka mzazi hospitali, kurudi kwake. Gari hilo likibeba mtu wa kulipa, bima ile haimtambui tena. Abiria walikuwa na bima nyingine iliyoletwa na wenye apu, nayo ilikuwa hai tangu safari inapofunguliwa kwenye simu mpaka inapofungwa. Gari lenyewe, likiwa kazini, halikuwa na mwenyewe. Ilikuwako bima ya kulifunika lote, lakini ghali. Yeye na Jeilani wakawa wanaambiana tutabadilisha baada ya mfungo, kisha baada ya Idi, kisha Amal akizaliwa, na hayo yote yakapita.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi nyeupe isiyo na wingu. Abiria alikuwa mmoja tu, Hadia wa mtaa wa Langoni kule Amu, aliyekuwa akienda Hindi kumtazama dada yake. Alikuwa amempakata mwanawe Abubakr, ambaye meno ndiyo kwanza yanachomoza. Hadia na Alawiya walijuana tangu chuoni, wakati wakisoma juzuu kwenye ubao mmoja.

"Zima hilo lisimu lako," Hadia alimwambia akijitengeneza kitini. "Nikupe mkononi, hao wa Malindi wasile jasho lako."

"Likizimwa hili, dada, ukiumia huna mwenyewe."

"Niumie na nini, nami nimeketi?"

"Kwa mdomo wako huo, utajing'ata ulimi."

Wakacheka. Alawiya akabonyeza simu, safari ikafunguka, wakaondoka.

Wakakata lami polepole, dirisha wazi, Hadia akisimulia harusi aliyoikosa. Walipokaribia Hindi mtoto akaangusha kijikombe alichokuwa akikitafuna, akaanza kulia kilio kile cha meno, kikali, kinachomkata mtu tumboni. Hadia akainama kukitafuta. Kilio kikazidi. Na Alawiya, ambaye kifua chake mwenyewe kilikuwa kimeshaanza kuchuruzika kwa kusikia mtoto analia, aligeuza uso. Aligeuza tu, kumwambia "Nyamaza, mwanangu." Hakukusudia zaidi ya hapo. Magurudumu ya kushoto yakateremka ukingo wa lami, usukani ukamponyoka, mchanga ukalivuta gari kama mtu anayevuta kamba, likaenda likajipiga kwenye kalvati la mtaro wa maji.

Kulipotulia, mtoto alikuwa analia bado. Kilio hicho ndicho kilichomwambia Alawiya kwamba yuko duniani. Alimkuta Abubakr amebanwa kifuani mwa mama yake, mzima, hana hata mkwaruzo. Hadia alikuwa amemkumbatia kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa mikono haikujishika popote, mguu wake ndio uliochukua pigo lote. Paja lilikuwa limekaa kama paja lisivyokaa.

"Mchukue mwanangu," Hadia alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akazimia.

*

Hospitali ya Amu walimfunga mguu na kumtundikia uzito, wakasema operesheni haifanyiki hapo, ni Mombasa, na Mombasa hawampokei mpaka watu wa bima wakubali. Mume wa Hadia alikuwa Doha, akipiga simu kila baada ya muda na kulia kwenye simu. Aliyekaa wodini ni mama yake Hadia, Bi Nusra, mwanamke mwembamba aliyenyooka, ambaye Langoni nzima ilijua kwamba hasemi maneno mawili mahali pa moja.

Sasa, kwetu mtu akimuumiza mwenziwe, hata kwa bahati mbaya, huenda. Huenda mapema, uso ungali na vumbi la tukio, akaketi chini karibu na kitanda cha mgonjwa, akasema: kosa ni langu, niwie radhi. Mgonjwa naye hujibu: nimekusamehe duniani na akhera. Husomwa Fatiha, watu hupangusa nyuso, na jambo likawa limekwisha. Asiyekwenda huambiwa ana moyo wa jiwe. Anayekwenda akakaa kimya huambiwa amekwenda kuchungulia.

Alawiya alikuwa ameshavaa buibui kwenda. Maneno alikuwa nayo mdomoni, yamepangika. Aliyemzuia mlangoni ni Taufiq, dereva mwenzake wa hapo Mokowe.

"Unakwenda kumuomba radhi?"

"Kwani nikamuombe nini, mahamri?"

"Kaa kwanza, Alawiya. Kaa nikueleze ya Dawud."

Ya Dawud alikuwa akiyajua nusu nusu. Dawud, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliumia mgongo ndani ya gari la Taufiq. Taufiq akafanya kama ada inavyotaka: akaenda na wazee, akakiri mbele ya watu, Dawud akasamehe, Fatiha ikasomwa, watu wakanywa kahawa. Wakati huo mgongo ulikuwa unauma kidogo tu. Baadaye ukauma sana. Walipokwenda kwa watu wa bima, wakaambiwa: dereva amekubali kosa bila kutuuliza, na mgonjwa amesema hadai kitu, mashahidi wamejaa msikiti mzima, sisi tuna nini tena hapo?

"Nimemuona jana," Taufiq alisema, akiangalia vidole vyake vya miguu. "Wanamtoa asubuhi kama mkeka, wanamuanika juani, wanamrudisha. Na bado akiniona ananiitikia salamu vizuri. Hilo ndilo linaniua. Usiseme kosa ni lako. Na yeye usimuache akaseme amekusamehe. Mguu ule haujatengenezwa."

Alawiya alivua buibui, akaketi.

Mtu wa bima alifika siku ya pili, kijana wa bara anayeitwa Hillary, viatu vimejaa mchanga. Alikataa kiti cha heshima, akaketi kwenye kibao cha kukunia nazi, hajui ni cha nini, na hakuna aliyemwambia.

"Mama Amal, mimi niambie kila kitu," alisema. "Hata ile unaona aibu. Safari ilikuwa imefunguliwa kwa simu, hiyo nimeona, iko sawa. Sasa niambie ilikuwaje."

Alawiya akamwambia. Mtoto alilia, nikageuza uso. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka, na yalimtoka mbele ya mgeni aliyekalia mbuzi ya nazi.

"Sawa," Hillary alisema. "Watu hukosea. Bima iko kwa sababu watu hukosea. Lakini sasa nisikize vizuri. Huko wodini usiseme ni makosa yako. Usiahidi kitu. Msikubaliane kitu. Mkimalizana wenyewe, ofisi itaniambia Hillary, funga hiyo faili."

"Hata radhi?"

"Hiyo ndiyo nini?"

Jeilani akamfafanulia. "Kwetu pia mtu huenda," Hillary alisema. "Huenda na kuku. Lakini hapana, mama. Hata hiyo. Ngoja hadi nikupigie. Kumtembelea sijakukataza."

Alipoondoka, Alawiya alibaki akishangaa. Ametubu kwa mtu asiyemjua mama yake wala baba yake, na yule aliyevunjika ndiye asimwambie. Tena kijana hakumalizia hapo. Kabla ya kupanda boti alimweleza Jeilani kwamba gari lenyewe wasilihesabu. Bima ya apu ni ya abiria. Ile ya kwenye kioo itasema gari lilikuwa kazini, nayo ni ya nyumbani. Basi Probox ikavutwa mpaka nyuma ya nyumba, ikaachwa imekunja uso, kuku wakaanza kulala ndani yake.

*

Alawiya alikwenda wodini. Alijua ataonekana amekwenda kuchungulia, akaenda hivyo hivyo.

Alikuta Abubakr analia. Kama alivyokuwa amesikia Mokowe, maziwa ya Hadia yalikuwa yamekatika kwa fazaa, na mtoto alikuwa anaitema chupa na kumpiga bibi yake makofi ya uso. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamejifunika vichwa. Hadia alikuwa amelala chali, mguu juu, akitazama dari, na machozi yalimteremkia masikioni bila yeye kuyapangusa.

Alawiya aliketi chini, pale pale anapoketi mwenye kuomba radhi. Wodi ikanyamaza kumsikiliza. Hakusema neno. Alinyoosha mikono.

Bi Nusra akauliza: "Wataka nini?"

"Mnipe mtoto."

"Ukimpa titi, huyu na Amal wako ni ndugu. Hawaoani mpaka kiyama. Wajua?"

"Najua, Bi. Jeilani ameshanipa ruhusa."

"Basi umenipunguzia mkwe moya," Bi Nusra alisema, na hapana aliyejua kama ni mzaha. Akamtoa mtoto.

Abubakr alishika titi kwa hasira, akavuta kama aliyekuwa akidai, kisha mwili wake wote ukalegea. Chumba kizima kilisikia anavyomeza. Hadia akafumba macho.

Ikawa ndiyo kazi ya Alawiya. Asubuhi anamnyonyesha Amal, anavuka na boti kuja Amu, anamnyonyesha Abubakr, anamfulia nepi, anampaka Hadia mafuta miguuni na kumchana nywele, anarudi. Mtoto akawa akimuona mlangoni anaruka. Wauguzi walidhani ni dada wa mgonjwa. Lakini neno lililokuwa likingojewa halikutoka, na kila siku lisipotoka lilizidi kuwa kubwa.

Bi Nusra hakuvumilia. "Alawiya, mwanangu," alimwambia siku moja, kwa upole uliouma kuliko tusi, "hivi kwenu Matondoni radhi yaombwaye? Kwa kufua?"

"Bi, nimekatazwa kusema."

"Umekatazwa na nani?"

"Na watu wa bima. Nikisema, Hadia hatatibiwa. Yaliyompata mwalimu Dawud mnayajua."

"Tangu lini radhi ikaombewa ruhusa ofisini? Hunu kijana wa bara ndiye atakayekulaza kaburini?"

"Mama," Hadia alisema kutoka kitandani.

"Nimenyamaa." Na akanyamaza, lakini alizigeuza shanga za tasbihi yake kwa kishindo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepiga mlango.

Hadia hakumlaumu hata siku moja. Alieleza maumivu yake, aliuliza habari za Amal, alimwambia Alawiya kwamba mkono wake una baridi. Alikuwa ameelewa habari ya bima, kwa akili. Lakini mara nyingine Alawiya aliinua kichwa akamkuta anamtazama mdomo.

Ruhusa ya Mombasa ikaja. Siku ya safari jamaa wa Langoni walijaa wodini, wanawake ndani, wanaume kwenye ukumbi, maana operesheni ni operesheni, na mtu anayekwenda kukatwa huagana kama anayekwenda Hija. Mmoja mmoja waliinama: niwie radhi, Hadia, kwa lolote. Naye alijibu kila mmoja: nimewawia radhi, nanyi niwieni. Shangazi aliyemsema vibaya wakati wa harusi yake alilia na kusamehewa. Jirani aliyegombana naye kwa ajili ya maji ya mfereji akasamehewa. Zamu ikazunguka mpaka ikafika chini, karibu na kitanda, ambapo Alawiya alikuwa ameketi na Abubakr kifuani.

"Alawiya," Hadia alisema. "Sema. Naogopa. Pengine sitaamka. Sitaki kuingia kule na hili."

Alawiya alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, hayakuwa hata maneno ya kutafuta. Akamuona Dawud anatolewa nje kama mkeka. Akauona mguu wa Hadia, na chuma kitakachotiwa, na watu waliojaa chumba kile, mashahidi wote. Alijua akisema niwie radhi, Hadia atajibu papo hapo, kwa sauti, na atamaanisha. Akijibu, basi.

"Allah akurudishe salama," alisema.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, dada."

Hadia alimwangalia, si kwa hasira, kwa mshangao tu, kama mtu aliyepiga hodi nyumba anayojua ina watu. Kisha akageuza uso upande wa ukuta.

Bi Nusra aliinama akamchomoa mtoto kifuani mwa Alawiya, titi lingali mdomoni. "Tutamnunulia maziwa ya mkebe," alisema. "Nenda kwako."

Alawiya alishuka ngazi za hospitali peke yake. Nyuma yake alisikia Abubakr analia, na sauti ile ilimfuata mtaani mpaka kwenye gati. Kwenye boti alikaa pembeni. Maziwa yalikuwa yakishuka yenyewe, yamelowesha kanga, yamelowesha buibui, na nahodha, mtu wa makamo anayemjua, aligeuka akatazama upande wa pili wa maji ili asimtie aibu.

*

Operesheni ilifanyika, na nyingine baadaye, na mazoezi ya kutembea, na yote yakalipwa na bima ya abiria. Habari hizo Alawiya alizipata kwa Taufiq, aliyezipata kwa watu wa boti. Simu ya Hadia aliipiga mara nyingi. Ilikuwa inaita mpaka inachoka.

Yeye maisha yake yalibadilika vilevile. Probox iliuzwa kwa fundi wa Mpeketoni kwa ajili ya vipuri; kuku wakafukuzwa, gari likapakiwa kwenye lori likaenda. Alawiya akaanza kupika sambusa na kuziuza kwenye gati la Mokowe, kwa abiria wale wale waliokuwa wakimsubiri zamani. Kina mama walimnunulia. Wengine walimnunulia wakikwepa macho yake, maana Langoni ilikuwa imeshasema, na yaliyosemwa Langoni huvuka maji haraka kuliko boti. Aliyemuumiza mwenziwe akakaa kimya. Aliyenyonyesha kwa macho makavu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kusimuliwa habari ya bima sambusa zikiwa moto.

Madereva vijana, lakini, walimjia. "Dada Alawiya, ni kweli ya kwenye kioo hainifuniki nikibeba watu?" "Abiria akiniambia nizime simu, je?" Aliwajibu wote, akigeuza sambusa. Usizime. Abiria anadhani anakusaidia, nawe unamvua nguo. Na gari lako lifunike, usiseme baada ya Idi. Walimshukuru. Kuna waliomsikiliza, na kuna waliozima simu mbele yake pale pale, abiria akicheka ndani.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha Hillary alipopiga. "Mama Amal, faili nimefunga leo. Ofisi haina neno tena na wewe, wala na Hadia. Unaweza kusema ile kitu yenu."

Alawiya alifunika karai, akamvua Amal fulana yenye mafuta akamvisha safi, akavuka.

Aliyefungua mlango wa Langoni ni Bi Nusra. Alimtazama mtoto kwanza, kisha mama.

"Leo una mdomo?"

"Ninao, Bi."

"Pita."

Hadia alikuwa ameketi kwenye kiti ukumbini, gongo limeegemea ukutani. Alikuwa amenenepa kidogo usoni kwa kukaa. Abubakr, aliyekuwa akijifunza kusimama, alimwangalia Alawiya bila kumjua, akaendelea na shughuli zake. Hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia. Aliketi chini, sakafuni, Amal mapajani.

"Hadia. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, na macho yangu hayakuwa njiani. Mtoto alilia nikageuka. Kosa ni langu, si la mchanga, si la lami. Niwie radhi."

Kwa mbali palisikika mtu akimwaga maji uwanjani. Hadia alikuwa akiitazama mikono yake.

"Nilikuona ukigeuka," alisema. "Nilikuwa nimeinuka na kikombe mkononi, nikakuona. Yule mtu wa bima aliponiuliza nilimwambia. Sikutaka kukuficha wala kukuuza."

"Ulijua wakati wote?"

"Nilijua. Nilitaka uliseme wewe. Nimefikiri sana, Alawiya. Nimekaa na wewe kichwani kule Mombasa kuliko nilivyokaa na mume wangu. Najua ungesema siku ile, leo ningekuwa mkekani na Dawud. Mguu huu umeokolewa na kimya chako. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba najua."

"Basi?"

"Basi nilipokuwa nalala kwa ile dawa yao, mtu wa mwisho niliyemwona kichwani ni wewe, umefunga mdomo. Nililala nikiogopa. Na sasa nasali kwenye kiti. Kila watu wakisujudu, mimi nimekaa, natazama migongo yao. Kila sujudu. Moyo wangu unakwenda kwako, na hauendi kwa wema." Akamtazama Abubakr. "Maziwa uliyompa mwanangu nimeyapokea, na huyo ni mwanao, hilo halina mjadala. Kukusamehe kwa mdomo naweza sasa hivi. Wote niliwasamehe kwa mdomo siku ile. Wewe sitaki kukufanyia hivyo."

Bi Nusra alikuwa amesimama mlangoni, tasbihi mkononi.

Alawiya aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kutukanwa, na alikuwa amejiandaa kwa kusamehewa. Hili la katikati hakuwa amelifikiria. Amal aliteleza kutoka mapajani, akaenda akamshika Abubakr sikio, wakaanza kugombania kifuniko cha sufuria.

"Nifanye nini, Hadia?"

"Ndoo kwangu tena Ijumaa."

"Nije kufanya nini?"

"Kuomba. Uniombe tena. Mimi nitakuwa nimekaa papa hapa, sina pa kukimbilia." Na kwa mara ya kwanza kukawa na kitu kama tabasamu, kikapita. "Na Ijumaa nyingine pia, kama bado."

"Nitakuja."

"Mlete na huyo. Nduguye hana wa kupigana naye."

Bi Nusra alikwenda jikoni. Walisikia anachochea makaa, anatafuta vikombe, anagombana na kifuniko cha buli. Alirudi na chai, akamuwekea Alawiya sakafuni, akarudi kusimama mlangoni bila kumkaribisha kitini. Alawiya aliinywa ilivyo moto. Kisha aliwaaga, akamchukua Amal aliyekuwa analia kwa kuachanishwa, akashuka gatini kutafuta boti.

Ijumaa alikwenda.